Kodi ya Maboksi Matupu

Siku ile dukani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa mwisho, mama jirani anayeuza vitumbua, na bwana wa kodi ya mapato, aliyekalia kigoda changu pekee.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyoachiwa na wazazi, Chang'ombe. Niliacha shule darasa la sita tulipomzika mama, nikaanza na chumvi na viberiti. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Bidhaa zilirudi, maduka yakafunguka kila kona, na mteja akikuta rafu ina mapengo alikwenda kwa mwenzako. Sisi wenye mitaji midogo tulikuwa na utaratibu wetu: unaomba maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai kwa muuzaji wa jumla, unayapanga nyuma, mbele unatanguliza yale machache yenye kitu. Duka linapendeza.

Lilimpendeza na bwana wa kodi. Tusio na vitabu vya hesabu tulikadiriwa kwa macho, naye alikuwa ameshamaliza kutazama. Akanipa karatasi ya makadirio. Nilidhani nimeandikiwa namba ya simu.

"Mzee wangu," nikasema, "hayo mapato yanapitia mlango gani? Nielekeze nikayasubiri."

"Binti, duka limejaa hivi na bado unalia?"

"Huyu anakula ugali kwa mlenda wiki nzima," mama wa vitumbua akadakia. "Au mapato unayala peke yako chooni, mwanangu?"

Bwana hakucheka. Nisipolipa, leseni isingehuishwa. Bila leseni duka lingefungwa mwisho wa mwezi, na wadogo zangu wangerudishwa kutoka shule na madaftari yao kwa kukosa ada. Ila kusema kweli mbele ya jirani yangu ilikuwa sawa na kuitangaza sokoni kwa kipaza sauti.

Nikashusha boksi la kwanza, nikaligeuza juu chini miguuni pake. Likatoka vumbi na mende mmoja. Nikashusha la pili. La tatu.

"Dada, watu watajua," mdogo wangu wa kike akaninong'oneza, amenishika mkono.

"Wajue. Mzee, hesabu. Kama na mende anatozwa, sema."

Mama wa vitumbua alicheka mpaka akaegemea mlango. Bwana alitazama rundo lile, akachomoa kalamu, akakata namba ya kwanza na kuandika nusu yake.

"Nusu? Rafu nzima ni hewa!"

"Nimeshakupunguzia. Hujaridhika, andika barua ya pingamizi. Lakini lipa kwanza, kwa awamu nne."

Niliandika kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: *Nakubali kulipia chumvi, sukari na viberiti. Sikubali kulipia hewa.* Mdogo wangu wa kike akataka tuongeze "kwa heshima na taadhima". Nikamwambia heshima nimeshaiweka, nimeandika bila matusi.

Niliipeleka mwenyewe pamoja na malipo ya awamu ya kwanza. Karani aliisoma mara mbili, akalificha tabasamu lake kwenye faili, akanipa stakabadhi na kibali cha muda cha kuendelea kuuza. Barua haikujibiwa. Kesho yake nilifungua duka mapema kuliko wenzangu wote wa mtaa, maana awamu tatu zilikuwa bado, na ya pili nilipewa wiki sita.