Jacaranda yetu haikulogwa

Leo nilishinda Papa, na témoin yangu, shahidi yangu, ilikuwa muti.

Jacaranda ya mbele ya nyumba yetu ilikuwa inakauka pole pole tangu miaka tatu, kuanzia matawi ya juu.
Papa alisema ni bulozi, ni uchawi ya Mama Régine, voisine yetu wa nyumba ya pembeni.
Tuliacha hata kumusalimia.

Miye niliangalia chini, ku mizizi. Papa njo alileta kamyo ya udongo kwa kuinua parcelle, kiwanja yetu, maji ya mvula isiingie, akamwanga béton ya simenti mpaka ku muti.
Mizizi ikakosa pumuzi.

Mwaka jana nilivunja ile béton, nikachota udongo na pelle, nikaitupa. Papa akacheka: "Unafukuza bulozi na pelle?"

Leo asubui akaita bwana wa tronçonneuse, ile musumeno ya mashini, aikate.
Ule bwana alipanda, akashuka na majani mabichi mu mukono.
"Papa, hii muti iko muzima. Nikate nini?"



Papa akaenda yee mwenyewe kwa Mama Régine. Tulimusikia: "Unisamehe, mama. Ilikuwa béton yangu."

Mama Régine akajibu: "Lete kiti, papa. Tungojee kivuli pamoja."

Kiti nilibeba miye.

Kwenu, ni nani balimushitaki bule, bila kosa?