Randa na Ngazi Isiyopandwa

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, lakini mimi na uongo hatujuani, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa maswali.

Mume wa dada yangu ni seremala. Mtaani tunamwita Randa, maana hata salamu yake inakwaruza. Mahakama ya zamani ilipouzwa igeuzwe hoteli, mwenye mali aliapa kwamba ukarabati utalinda kila cha kale, akamkabidhi Randa ngazi ya mbao. Shemeji akahamia pale. Aling'oa vipandio vilivyooza, akachonga vipya, akaipaka nta mpaka ikang'aa kama kipara changu. Vipandio vilivyobonyea kwa miguu ya watu wa kesi alikataa kuvisawazisha.

"Acha vibonyee, Shemeji. Mguu wa mgeni utajua pa kukanyaga."

"Na akianguka?"

"Atakuwa amekutazama wewe."

Alitaka kitu kimoja tu: ngazi ipandwe. Mbao zisipotikiswa, alisema, mchwa huhamia na familia. Dada alikuwa akinilalamikia, "Kaka, mimi ni mke mwenza wa ngazi."

Kazi ikaisha. Wiki ileile wenye hoteli wakaweka lifti. Chini ya ngazi wakazungusha kamba nene nyekundu na kibao: USIPANDE. Meneja, kijana mwenye adabu zake, alimshika Randa bega.

"Mzee wangu, umeitengeneza vizuri mno, haifai kukanyagwa. Wageni wataipiga picha."

"Na mchwa?"

"Tutapuliza dawa."

Hawakupuliza. Juzi Randa alinivuta twende tukaione. Kwenye kipandio cha tatu kulikuwa na njia ya udongo, nyembamba kama uzi, inapanda juu bila kuulizwa na mtu. Shemeji aliitazama. Kisha akamwomba mlinzi amruhusu apande mara moja tu.

Hapo ndipo mambo yalipochemka! Randa, ambaye sasa amekaa kando yangu na kikombe cha chai, anachungulia karatasi, aliiruka kamba kama swala. Walinzi kumi wakamvamia, akawapangua kama maganda ya karanga. Akapanda cha kwanza, cha pili, ngazi ikaitika, wageni wakampigia makofi, na alipofika juu kabisa akageuka, aka...

"Nani alipanda, Shemeji? Mlinzi alikuwa mmoja. Alisema hapana, nikasema sawa."