Kamshafti ya Mwendo wa Ng'ombe

Dada yangu analima mpunga Ahero, na mpunga huo hutoka shambani kwa trela linalovutwa na pikapu kuukuu tuliyoachiwa na baba. Msimu uliopita injini ilichemka kwenye tope hadi vichwa vyake viwili, vile vifuniko vya juu vinavyobeba valvu, vikapasuka, kila upande kimoja. Safari hii mavuno yalikuwa tayari, magunia yamepangwa juu ya matuta, na kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa milima ya Nandi. Mpunga ukilowa huchipua ndani ya gunia, na dada hakuwa na zao lingine mwaka huo.

Mimi ndiye niliyejitolea kuishughulikia injini. Nina digrii mbili, na hakuna hata moja inayojua injini ni nini, lakini nilikuwa nimetazama video wiki nzima. Pikapu ilikokotwa hadi kwa fundi pale Manyatta, nami nikafika nikiwa nimekumbatia kamshafti ya magari ya mashindano, nimeifunga kwa gazeti kama samaki.

Fundi huyo ni mama wa miaka sitini hivi. Alianza kwa kuwakaangia mafundi samaki kando ya gereji, akaingia kuwaoshea vyuma, kisha akajifunza kusaga valvu. Siku hizi wao ndio humwuliza yeye. Alilifungua gazeti langu, akapitisha kidole gumba juu ya zile nundu za kamshafti zinazosukuma valvu zifunguke.

"Nzuri sana," alisema. "Japuonj, gari linaenda kushindana na nani?"

Japuonj ni mwalimu. Kinywani mwake neno hilo lina heshima zote, na papo hapo halina hata moja.

"Inaongeza nguvu, Mama."

"Nguvu ya kukimbia. Trela likiwa kwenye tope linatembea mwendo gani?"

"Hiyo inategemea mambo kadhaa..."

"Tembea nione."

Nikatembea uani. Mafundi wakaweka spana chini.

"Wapi na haraka hiyo? Una magunia thelathini nyuma!"

Nikapunguza.

"Mama, huyu anataka kiboko!" fundi mmoja akapaza sauti.

"Mwache, anavuta."

Nilipokuwa karibu kusimama kabisa, akapiga makofi. "Hapo. Injini itafanya kazi yake yote hapo. Na hiki chuma chako, hapo kitalala."

Kamshafti yangu, alinieleza, huziacha valvu wazi muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi inapumua vizuri. Ikienda polepole, inatema hewa iliyotaka kumeza. Ya kwake ilitoka kwenye rafu. Ilikuwa na nundu za kawaida, na ilifunga valvu mapema ili kila pumzi ya polepole ibaki ndani.

Kazi ya vichwa nayo nilidhani naiweza. Alikuwa na jozi mbili chini, nami nikaelekeza kidole kwenye ile yenye njia pana za hewa, iliyong'arishwa. Hakubishana. Alinipa kipande cha bomba pana, akanionyesha jiko lake la chai. "Puliza." Nikapuliza, makaa yakanitazama tu. Akanipa bomba jembamba. Makaa yakawa mekundu, na miwani yangu ikajaa majivu.

"Pumzi ni ileile," alisema. "Njia nyembamba inaikimbiza."

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kueleza jambo kwa maneno machache hivyo bila mtu kusinzia.

Alivigeuza vile vichwa vya njia nyembamba, akamimina mafuta ya taa juu ya valvu aone kama zinavuja, akaketi kunywa chai. Valvu moja ikavuja tone. Akaanza kuisaga upya, bila haraka. Dada akapiga simu: wingu lilikuwa limeiacha milima ya Nandi, linakuja Ahero.

"Mwambie valvu inayovuja haivuti trela," fundi alisema, wala hakuinua kichwa.

Usiku huo mafundi wakaifunga injini kwa kamshafti yake na vichwa vyake, na siku ya pili yake tulikuwa Ahero, mchana, chini ya anga nyeusi. Nilikuwa nimevua viatu, nimekunja suruali, na kuwakusanya majirani wanne wa kusukuma. Dada alikuwa kwenye usukani. Akatia gia ya kwanza. Injini haikunguruma, ilitoa sauti ya mzee anayetafuna mahindi kwa subira. Trela likatikisika, kisha likaja.

"Tokeni hapo!" dada alitupigia kelele dirishani.

Tukatoka. Tukalifuata trela hadi lami, mwendo uleule niliofundishwa gereji, hatua kwa hatua, na halikusimama hata mara moja. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunafunga turubai.

"Sasa Mzee," jirani mmoja aliniuliza, akiitazama mikono yake safi, "sisi ulituitia nini?"