Malengelenge ya Kafi na Mbuzi wa Dekow

Asalaam aleikum, wanangu. Itikieni mmoja mmoja, kwa sauti. Msinung'unike wote pamoja kama mbuzi zizini. Eeh, hivyo. Wewe wa mlangoni sijakusikia. Haya.

Watu wa hospitali wameniambia nikae nieleze ugonjwa wangu. Nikae? Kukaa sijui. Marehemu mama alikuwa anasema, "Halako binti yangu, umemeza siafu?" Ndivyo nilivyokuwa. Shamba yangu ya ndizi ilikuwa kando ya Tana, chini kidogo ya Garissa mjini. Asubuhi namwagilia, mchana niko sokoni, jioni niko kwa jirani namwiga mume wake anavyokoroma. Homa nilikuwa nasikia kwa watu tu.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Tana ikapanda ukingo, ikala ndizi zangu zote. Ile laga iko kati yetu na mji, mkondo mkavu wa mchanga, watoto wanachezea mpira, ikawa mto. Pale laga inapoingia Tana, maji ilichemka nyeupe kama maziwa ya ngamia ikikamuliwa kwa nguvu. Barabara ikakatika. Tukabaki kilimani sisi na mbu.

Jillo mvuvi akakusanya wenye mitumbwi. Huyo Jillo hata akikaa karibu yako anaongea kama anaita mtu ng'ambo. "HALAKO! KAFI UNAWEZA?" Nikamwambia, mimi nimeshika kafi wewe hujaota meno. Nikaingia kwenye hicho chama chao. Hakuna mshahara, hakuna hata chai. Tunavusha wagonjwa, wenye mimba, unga wa msaada.

Kupita ile maji nyeupe kuna kazi yake. Kwanza mnapanda na ukingo mpaka juu, kifua inawaka. Halafu mnageuza mdomo wa mtumbwi na kukata. Maji inawasukuma chini, nyinyi mnakata tu, povu inawapiga usoni. Abiria anakaa chini kabisa, matako ndani ya maji, hainuki. Akiinuka, wote tumekwisha.

Nilipenda hiyo kazi, astaghfirullah. Watu wanalia na mimi nacheka. Mikono ikatoa malengelenge, ikapasuka, nyama nyekundu nje. Sikujali.

Sasa sikieni. Siku moja tulivusha Dekow, mfugaji wa upande wa Bura, na mbuzi wachache wamebaki. Huyo anaogopa maji kuliko simba. Amefunga macho na anaongea tu: "Halako, mbusi yangu inakufa yote. Hii mfua ni gani? Wallahi nitabaki na fimbo beke yake."

Tukafika kilimani, mbuzi mmoja akaanguka. Damu puani, anatupa miguu. Na nyinyi mnajua sisi. Mnyama akianza kukata roho tunakimbilia kisu, asije akawa nyamafu, nyama ikawa haramu na watoto wana njaa. "KISU!" Jillo huyo. "KISU! BADO ANAPUMUA!" Dekow akasema bismillahi, akachinja. Mimi nikachuna. Kwa mikono hii, malengelenge wazi, damu mpaka kwenye kiwiko. Tukacheka. Tumewahi, tukasema.

Tumewahi nini?

Siku chache tu, homa ikaja. Mgongo kama umetwangwa na mchi. Macho nikiyageuza yanauma, kama kuna mchanga nyuma yake. Wakasema malaria, wakanipa vidonge. Vikaniwasha mwili mzima, nikajikuna kama mbwa. Homa haikutoka. Nikatapika kitu nyeusi kama mashapo ya kahawa. Choo nyeusi pia, inanuka, samahani kama mnakula. Halafu fizi zikatoa damu, na pua.

Dekow akaja kuniona. Akaniangalia pua na fizi. Halafu akamwambia Jillo, "Hii damu inatoka kama ile ya mbusi yangu. Leta mtumbwi. Sasa."

Kwa hiyo mimi, mpiga kafi, nikawa abiria, Dekow nyuma yangu. Tulipoanza kukata ile maji nyeupe, homa ilikuwa imenipanda kichwani. Naona Jillo anageuza mapema! Nikataka kuinuka nichukue kafi. "KAAA! HALAKO, KAAA!" Ah, nani anakaa? Nimeshapiga goti moja, mtumbwi umelala upande, maji inaingia. Nikasikia nyuma yangu, pole pole, mtu meno yanagongana kwa hofu: "Abaayo, dada yangu, tulia. Usibotulia, nakukalia."

Akanikalia! Mwanamume mzima, na kikoi yake na fimbo yake, juu ya mgongo wangu, anasoma dua mpaka ng'ambo. Ndiyo sababu niko hai.

Hospitali kulikuwa na sista mmoja wa bara, mnene, mzuri. Nikiinua kichwa tu: "Mama Harako! Rara! Nani amekwambia uamke? Rara chini!" Na daktari, kijana, anaongea kama anaogopa kuamsha mtu: "Mama, ugonjwa huu umetoka kwa mifugo. Dawa ya kuuponya hatuna. Tutakupa maji ya mshipa. Kazi yako ni kulala na kutulia."

Kutulia! Si afadhali wangeniambia nibebe Tana kwa ndoo. Miguu inataka kutembea, mkono unataka kung'oa ile sindano. Mama wa kitanda cha jirani aling'oa yake, akatembea mpaka dirishani, akaanguka, hakuamka tena. Sista alipogeuza godoro lake, siku hiyo sikumwiga mtu. Niliangalia dari, nikajiambia: Halako, wewe ni abiria. Matako chini. Ukiinuka, umekwisha. Nikalala hivyo, nalia, natetemeka, nimeshika chuma ya kitanda. Mpaka damu ikakauka. Mpaka nikaomba uji.

Halafu macho. Nilimwona sista anakuja: kofia naiona, mabega, viatu. Uso hakuna. Katikati ni moshi. Daktari akasema, "Kwa wengine hurudi, mama. Kwa wengine hapana."

Siku ya kutoka akaja mtu mlangoni. Nikaona kikoi na fimbo, juu yake moshi. Nikaogopa sana. Halafu akasema, "Abaayo." Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Usibotulia, nakukalia!" Tukacheka mpaka sista akatufukuza. "Endeni nyumbani, wagonjwa wamerara!"

Ule moshi haukutoka. Naona ukingo wa mtu, katikati hakuna. Alhamdulillahi kwa ukingo. Mungu amlipe Jillo na kelele yake, na Dekow na uzito wake.

Na nyinyi, mnyama mgonjwa akikata roho, mwacheni. Nyama ikiwaponyoka, iponyoke. Usishike damu yake, zaidi ukiwa na kidonda. Maziwa chemsheni. Na ukiambiwa lala, lala.

Mnasema Halako anaiga watu, hana adabu. Wanangu, uso wako sina. Nina sauti yako tu, naifanyia mazoezi isinipotee.

Wewe wa mlangoni, bado hujaitika.