Usiku Wetu wa Blanketi

Nimewafundisha sayansi watoto wa darasa la nne kwa miaka mingi, na somo la mchana na usiku nalipenda kuliko yote. Nachukua mpira, nabandika punje ya hindi mahali petu, namulika kwa tochi, kisha nauzungusha polepole. Jua haliendi kokote, nawaambia. Dunia ndiyo inayojizungusha, nasi tuko juu yake. Upande unaolitazama jua una mchana, uliolipa kisogo una usiku. Na mimi, mwalimu wa haya yote, nilimnyima mwanangu wa kwanza mchana kwa karibu miezi mitatu.

Tulipanga chumba kimoja Busia, upande wa Uganda, nyuma ya maegesho ya malori. Mume wangu, mzaliwa wa Paya, alikuwa askari wa usiku kwenye ghala la mahindi. Alirudi saa moja asubuhi macho mekundu, akanywa chai, akaanguka kitandani. Askari asiyelala mchana husinzia langoni, na anayekutwa amesinzia hufukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilitundika blanketi zito dirishani, nikaziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia. Tena nikajisifu kwamba mke mwema ndiye huyu.

Giza nililomwekea baba likamkamata mtoto. Mchana kutwa alilala fofofo ubavuni mwa baba yake. Baba akifunga buti jioni, yeye anafumbua macho, anapiga mateke, anataka kubebwa na kuimbiwa hadi alfajiri. Sikupata hata lepe la usingizi. Mchana nami nilikuwa na nepi za kufua, tena kufua kwa kunyata, maana sufuria ikigonga jiko tu, nasikia mtu anaguna kitandani. Mlango sikuufungua, mwanga usije ukaingia. Nasema wazi: nilikuwa nimefungwa. Niliwasikia wanawake wakipiga soga bombani, nikawachukia kwa sababu jua lilikuwa lao.

Zilibaki wiki tatu shule ifunguliwe. Mwalimu mkuu alishanionya kwamba nisipofika siku ya kwanza, nafasi yangu ina mtu. Mtoto angekaa mchana kwa jirani, hilo halikunisumbua. Shida ilikuwa usiku. Ningesimamaje mbele ya darasa zima sijafumba jicho?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi moja mama yangu alifika kutoka Masinya na kikapu cha kumbikumbi waliokaangwa. Akasimama mlangoni, haoni mbele wala nyuma.

"Nyinyi nalala mpaka saa hii?" akauliza kwa sauti yake ya sokoni.

"Mama, polepole. Baba mtoto amelala."

"Na mtoto?"

"Naye amelala."

"Usiku je, yeye nalala?"

Nililia tu. Akalipapasa lile blanketi, akalivuta pembe, akaliachia.

"Mwanangu, hii umefanya ni ya kichuguu."

Nilimwelewa papo hapo. Kumbikumbi wana wakati wao wa kutoka: mvua imeshanyesha, mwanga umefifia. Lakini kwetu hatuna subira hiyo. Tunasimika vijiti juu ya kichuguu, tunakifunika kwa blanketi, kisha tunaketi tukigonga ubao kwa vijiti, tap tap tap, kama matone. Walio ndani wanadhani jioni ya mvua imefika. Wanatoka kwa furaha na kutumbukia katika shimo tulilowachimbia. Nimegonga ubao huo tangu nijue kukaa, na hata chuoni nilifundishwa kwamba mwili wa kiumbe hujipangia saa zake kwa mwanga unaouona. Yote nilikuwa nayajua, na bado nilimfunika mtoto wangu.

Hasira zilinipanda, na zile za kujikasirikia mwenyewe ndizo zilikuwa kali zaidi. Nikambeba mtoto, nikatoka naye juani. Alifinya macho akalia, na mimi nikalia naye huku wanawake wa bombani wakinicheka. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi tulikuwa nje. Jioni nilizima taa mapema, na akiamka namnyonyesha gizani bila neno wala wimbo. Siku ya tisa alilala mpaka jogoo wakawika. Shule ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza getini, nimelala usiku kucha, nimevaa viatu vyangu vya kisigino.

Baba yake aliendelea kulala chini ya blanketi, sasa peke yake. Alipoingia asubuhi sisi tunatoka. Aliposhika rungu lake jioni, mtoto ameshaanza kusinzia. Mwezi wa pili tangu shule ifunguliwe akapewa siku moja ya mapumziko. Akanyoa ndevu, akavaa shati safi, akaketi nje nasi. Alipomnyooshea mtoto mikono, mtoto akamtazama usoni kwa muda, akaning'ang'ania shingo na kupiga yowe.

Akajaribu tena. Yowe likazidi. Jirani aliyekuwa akimlea mtoto mchana akacheka, kisha akaona uso wa mume wangu, akaingia kwake.

"Twende ndani," mume wangu akaniambia, "tufunge dirisha kidogo tu. Kwa giza, yeye alikuwa najua mimi."

Nilimpa mtoto titi pale pale juani. Sikuinuka.