Betri ya Makete kwenye Jua la Bukundi

Mimi Mahona, fundi wa betri wa Somanda, niliishinda baridi ya Makete bila kumiliki hata sweta. Huko sijawahi kufika. Baridi kali niliyoijua ni ya friji la mafuta ya taa la Nyanjige, muuza soda jirani yangu.

Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Shemeji yangu Ndaki, kaka wa mke wangu Milembe, alipata kuendesha lori la tajiri mmoja aliyekuwa akijenga ghala na kuagiza mbao Makete. Huko asubuhi nyasi zina barafu, na lori lilikuwa haliwaki mpaka jua lipande.

"Shemeji," aliniambia, "tajiri kasema likigoma tena funguo anampa mwingine. Na watoto wangu unawajua."

Fundi mwenye akili angemwambia aifunike injini kwa magunia. Mimi nikajiona profesa. Nilijua maji huganda upesi kuliko asidi nzito, basi nikamchanganyia asidi ya betri nzito kupita kiasi. Kwa majaribio niliweka chupa yake kwenye friji la Nyanjige. Asubuhi soda zilikuwa mawe, asidi yangu inachezacheza. Nyanjige alililia soda zake, mimi nikangoja pongezi.

Kule Makete lori liliwaka mara moja. Ndaki akanisifu kwa wakwe, nami nikaanza kutembea polepole kama watu wenye vyeo.

Kumbe lori halikuhamia Makete. Mbao za ghala zilipokuwa zimetosha, lilipelekwa huku kwetu Bukundi kubeba pamba kwenye jua la Septemba, na asidi ile ikazitafuna sahani za betri kama mchwa. Siku moja, likipita Somanda, tajiri alimwambia Ndaki alisimamishe mbele ya meza yangu, ashuke amsalimie fundi anayesifiwa.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, baba."

Tulisalimiana vizuri sana. Akapanda tena, Ndaki akazungusha funguo. Kimya. Akazungusha tena, nami nikaona aibu ya kweli, maana niliwakumbuka wale watoto.

"Tajiri, dereva hana kosa," nikasema. "Asidi nimeichanganya mimi, kwa ajili ya baridi."

Alijifuta jasho, akalitazama jua.

"Baridi ipi?"

Nikaonyesha kusini kwa kidole, iliko Makete.

"Basi dereva abaki na funguo zake," akasema. "Fundi aje asukume."

Nilisukuma. Mpaka leo Milembe akienda kwao, wakwe huuliza kama nimeshanunua sweta.