Mtoto wa Sufu Niliyembeba Hadi Nyamitanga

Aibu yangu nitaisema mwenyewe, kwa sababu kambi nzima ya Nakivale imeshaisema na kila mtu anaongeza chumvi yake. Niliwaita watu wezi mbele ya masista na mbele ya mgeni Mjapani, na nyuma yangu nimelowa kama mbuzi aliyechinjwa. Mumeshaanza kucheka? Ngojeni, bado.

Kikundi chetu cha akina mama kinatengeneza felti. Hakuna kufuma pale: unatandika sufu ya kondoo, unaimwagia maji moto ya sabuni, unaisugua na kuiviringisha kwenye mkeka mpaka ishikamane, iwe nzito kama blanketi. Mwalimu wetu Mjapani (mwanamke mdogo, mpole sana, na mimi mtu mpole sana huwa namwangalia mara mbili) alitufundisha mambo ya kwao: kufungia vijiwe ndani kwa uzi ili rangi isipite fasi ile, mahali pale palipofungwa, halafu kupanga majani juu ya felti, kuiviringisha kwenye kijiti, kuikaza kwa kamba na kuipika kwa mvuke, mpaka jani linaacha sura yake pale kama limepigwa picha.

Mimi nilipanga majani ya mikalitusi na maganda mengi ya vitunguu. Vifurushi hivyo tungevifungulia Nyamitanga, safari ya gari kutoka kambini, kwenye ukumbi wa masista, mbele ya wageni, na mwalimu angechagua mama mmoja wa kufundisha kikundi kipya. Mama huyo alikuwa mimi, kichwani mwangu ilishakwisha. Sikusoma, kalamu inanikimbia, lakini nilitaka wajukuu wangu waniite mwalimu kabla sijafa.

Sasa jioni ya kuamkia safari nikamkuta Consolata, jirani yangu Mrundi, ameshika kifurushi changu, anakigeuzageuza.

"Kamba yako imelegea, Mama Riziki," akasema. "Nilikuwa nakukazia."

Kunikazia! Nani alimwomba? Mtu anayekazia kamba ya mwenzake anataka kujua ndani kuna nini. Hata rozari yake niliiangalia vibaya siku ile (sisi walokole hatuna hizo). Nikamnyang'anya.

Asubuhi wenzangu wote wakalaza vifurushi vyao ndani ya beseni moja kwenye gari. Mimi nikasema, changu hakilali na vya watu. Nikakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, bado kina joto la mvuke wa usiku, juu ya gauni langu jeupe la kanisani, nikakaa nacho hivyo njia nzima.

"Mama, weka chini, itajisugua," Consolata akaniambia.

"Acha ijisugue, iko yangu."

Kufika, nikaona watu wananiangalia, wananong'ona, na kila nikigeuka mtu anainamisha macho. Nikasema moyoni, wivu huo, nikanyoosha shingo. Lakini nyuma Consolata ananifuata, ananifuata, mkono ameunyoosha. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza.

Mara sista mmoja mzee akapiga kelele: "Nyabo, mama! Mtoto yako natoka damu!"

"Huyu hana damu," nikamjibu, nikapita.

Kumbe majani yale na maganda yanatoa maji mekundu, na ile kamba iliyolegea (ndiyo, ilikuwa imelegea) imeyaachia yote, yameteremka kwenye gauni mpaka kisiginoni. Sista akashika kitenge, mwingine akatafuta miguu ya mtoto ambayo haipo, mtu anaita daktari, na Consolata naye akanirukia na kitenge chake, anataka kunifunika nyuma, na mimi nikajua ndiyo leo, wamepanga wote!

"Wezi! Wakatoliki wananiibia!"

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa masista wakaitikia. Nikavuta, wakavuta, mtoto akaanguka sakafuni, kamba ikafunguka, akaviringika mpaka kwenye viatu vya Mjapani.

Sista mzee akafanya ishara ya msalaba, akainama, akaangalia.

"Ni blanketi," akasema.

Kicheko kile ninakisikia mpaka leo.

Mwalimu aliiokota kwa mikono miwili, taratibu, kama anaokota mtoto kweli. Jani hata moja halikuonekana. Kule kujisugua mgongoni kulikuwa kumeyasogeza yote, felti nzima ni doa moja kama fasi ng'ombe amelala. Ya Consolata ilipofunguliwa, kila jani lilikuwa na mishipa yake. Wakampigia makofi. Mimi nilipiga pia, lakini nimekaa, ili gauni lisionekane. Akachaguliwa yeye.

Sasa kila Jumanne ninakaa kwenye mkeka wake pamoja na wasichana, anasema, "Mama Riziki, kaza hapa," nami ninakaza. Kitenge alichonifunika nilimrudishia, akakataa kukipokea. Kunicheka, hajanicheka hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma. Basi wanangu, kitu cha rangi sikibebi tena, kilale chini na vya wenzake, na mtu akinikazia kamba nitasema asante. Lakini mwema hivyo, bure? Bado ninamwangalia.